Chuo chetu kinataka kujiunga na mtandao wa kimataifa wa mamlaka za ubora: tuanzie wapi?

Swali. Mimi ni mratibu wa uthibiti ubora katika chuo kikuu kimoja hapa Mwanza. Makamu Mkuu wa Chuo amerudi kutoka mkutano nje ya nchi na kuagiza tujiunge na INQAAHE, mtandao wa kimataifa wa mamlaka za uthibiti ubora wa elimu ya juu, kabla mwaka wa fedha haujaisha. Kitengo chetu kina watu wawili. Je, tunaruhusiwa kujiunga? Tuandae nini, tulipeje, na tukishaingia tutaweza kusema tuna ithibati ya kimataifa?

Jibu. Mwalimu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kuwaingiza matatani. Hapana, hamtaweza kusema hivyo. Mtandao wa aina hii ni chama cha wenye kazi moja. Unakutanisha mamlaka zinazokagua vyuo ili zijifunze kwa wenzao, zijipime na zibadilishane wakaguzi. Hautoi ithibati, yaani utambuzi rasmi kwamba chuo kimefikia viwango, kwa chuo chochote. Ithibati ya chuo kikuu nchini inatolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza kazi Julai 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346. Vyuo visivyo vikuu viko kwa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Uanachama wa nje hauongezi wala haupunguzi chochote kwenye hati mliyopewa na Tume. Mkiandika kwenye prospektasi kwamba chuo "kina ithibati ya kimataifa" kwa sababu mmelipa ada ya uanachama, mtakuwa mmempa mwombaji taarifa ya uongo, na Tume ina haki ya kuwauliza.

Sasa swali la kwanza. Mnaruhusiwa kujiunga, ila si kwa mlango ambao Makamu Mkuu pengine anaufikiria.

Ninyi ni nani kwenye fomu?

INQAAHE ilianzishwa 1991 kwenye mkutano uliofanyika Hong Kong, na sekretarieti yake sasa iko Barcelona, Hispania. Iliundwa na mamlaka za ubora kwa ajili ya mamlaka za ubora. Ndiyo maana makundi yake ya wanachama yanagawanywa kwa kazi ya mwombaji, na ukubwa wa taasisi hauhusiki. Mwanachama kamili ni chombo chenye jukumu la kuthibitisha ubora wa vyuo au wa programu zinazofundishwa na vyuo hivyo, na kura za maamuzi ziko kwa kundi hili. Mwanachama mshiriki ni taasisi inayojishughulisha kwa dhati na tathmini na ubora lakini haina jukumu la kukagua vyuo vingine. Kuna pia nafasi ya mtu mmoja mmoja: mtafiti, mshauri, au mtumishi kama wewe anayetaka kufuatilia taaluma yake.

Kama hujui mko wapi, jibuni maswali matatu. Je, mnakagua taasisi isiyo yenu? Je, kuna sheria au hati inayowapa mamlaka hayo, au angalau vyuo vinavyokubali kufungwa na uamuzi wenu? Na je, mnayemkagua anaweza kumwondoa kazini anayewaongoza? TCU inapita kwenye maswali yote matatu. Ng'ambo ya ziwa, CUE ya Kenya na NCHE ya Uganda, mamlaka za elimu ya juu za nchi hizo, zinapita pia. Kitengo cha ubora ndani ya chuo kinakwama kwenye la kwanza, na kwenye la tatu kinakwama zaidi: mkurugenzi wenu ameteuliwa na Makamu Mkuu yuleyule ambaye programu zake anazipima. Kinyozi hajinyoi. Hilo halimaanishi kazi yenu ni hafifu, linamaanisha tu kwamba ninyi ni uthibiti wa ndani, na fomu ya mwanachama kamili imeandikwa kwa uthibiti wa nje.

Kwa hiyo mlango wenu ni wa mwanachama mshiriki. Usijaze fomu ya kwanza "kujaribu bahati". Itarudishwa na maswali, mtapoteza miezi miwili mkijibizana kwa barua pepe, na Makamu Mkuu atadhani kosa ni la kitengo.

Kuna jambo moja la hapa kwetu. Mwanza ina kampasi nyingi za taasisi zenye makao makuu Dar es Salaam: CBE, IFM, TIA na wengineo. Kampasi haina utu wa kisheria unaojitegemea, kwa hiyo haiwezi kuomba peke yake. Anayeomba ni taasisi mama, kwa jina lililo kwenye hati yake ya kuanzishwa, herufi kwa herufi. Hata kwa chuo kikuu kamili, mwombaji ni chuo, kitengo hakiombi. Jina la kitengo huingia sehemu ya mawasiliano tu. Tazameni Hati Idhini yenu. Ikiwa jina la Kiingereza kwenye hati ni refu kuliko lile mnalotumia kwenye tovuti, tumieni la kwenye hati kila mahali, kuanzia fomu, barua hadi ankara, la sivyo benki na sekretarieti wataona taasisi mbili.

Na kama chuo chenu ni cha afya, kuna mkanganyiko wa ziada. Watu wengi wanachanganya mitandao hii na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari. WFME nayo haitoi ithibati kwa shule za udaktari. Inatambua mamlaka zinazozipa shule hizo ithibati. Anayeomba utambuzi huo ni mamlaka, kwa hiyo chuo cha Bugando au cha mahali pengine popote hakiwezi kulimaliza jambo hilo kwa fomu yake chenyewe. Ikiwa sababu ya kweli ya agizo ni wahitimu wanaotaka kwenda kufanya kazi nje, mazungumzo ya kufanya ni na Tume na mabaraza ya taaluma.

Kabla ya Barcelona, Kampala

Ushauri wangu, na hapa natoa maoni, ni kwamba chuo chenye kitengo cha watu wawili kianzie karibu. Tanzania ina jukwaa la wathibiti ubora wa vyuo vikuu, TUQAF. Juu yake kuna mtandao wa Afrika Mashariki, EAQAN, uliokua chini ya mbawa za IUCEA, Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala. IUCEA ipo tangu 1980 na ni taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barani kote kuna AfriQAN, ambao kama INQAAHE umejengwa zaidi juu ya mamlaka kuliko vyuo.

Kwa nini Kampala kwanza? Kwa sababu huko wanachama wenzenu ni watu wa aina yenu: waratibu na wakurugenzi wa ubora ndani ya vyuo, wenye madarasa ya wanafunzi mia tatu, mtandao wa intaneti unaokatika na seneti inayoahirisha vikao. Mambo wanayojadili ndiyo yanayowasumbua. Pili, wakaguzi wako jirani. Mkihitaji mtu wa nje wa kupima programu yenu ya uvuvi au elimu, mtu wa Maseno au Bondo anapanda basi kupitia Sirari, wa Bukoba anakuja kwa meli au barabara, na posho yake inabebeka. Kumleta mkaguzi mmoja kutoka Ulaya kunaweza kumaliza bajeti ya kitengo ya mwaka mzima.

Tatu, vigezo vya kanda ndivyo vinavyowagusa. Mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki ulipitishwa 2015, na 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Mwanafunzi anayehama na alama zake kutoka Kisumu kuja Nyegezi anahusika na hayo. Viwango vya INQAAHE vya 2022, vilivyochukua nafasi ya mwongozo wao wa awali, kwa sehemu kubwa vinazungumza na mamlaka: uhuru wake, namna inavyochagua wakaguzi, namna inavyosikiliza rufaa. Ninyi mtavisoma kama mtahiniwa anavyosoma maelekezo ya msimamizi. Vina faida, lakini si kazi yenu ya kila siku.

Bado Makamu Mkuu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutaka INQAAHE sasa hivi. Mkutano wake mkuu na kongamano lake hufanyika kwa kupokezana, mwaka mmoja hili, mwaka unaofuata lile, na mwanachama huingia kwa ada ndogo zaidi. Ikiwa mmeshapata mradi wa utafiti juu ya ubora na mnataka jukwaa la kuwasilisha, ombeni. Ikiwa sababu ni nembo ya kuweka chini ya barua, mwambieni mapema kwamba nembo ina masharti yake.

Jalada la ushahidi

Fomu yenyewe ni fupi. Kazi iko kwenye viambatisho, na jalada hilohilo mtalitumia EAQAN, INQAAHE na hata TCU watakapokuja, kwa hiyo litengenezeni mara moja na vizuri.

Anzeni na uthibitisho wa kisheria: nakala ya Hati Idhini na cheti cha ithibati ambacho muda wake haujaisha. Kama cheti kiko kwenye mchakato wa kuhuishwa, ambatisheni barua ya Tume inayosema hivyo. Cheti kilichokwisha bila maelezo huzua shaka kuliko karibu upungufu mwingine wowote.

Halafu sera ya uthibiti ubora, pamoja na ukurasa wa muhtasari wa kikao cha Baraza la Chuo unaoonyesha lini ilipitishwa. Hapa ndipo vyuo vingi vinapoanguka. Sera ipo, nzuri, imechapishwa, lakini ukiuliza ilipitishwa lini unaonyeshwa muhtasari wa kamati ya menejimenti tu. Sera isiyopita kwenye Seneti na Baraza ni rasimu, hata ikiwa imejalidiwa. Tafuteni muhtasari huo sasa. Kama haupo, ingizeni ajenda kwenye kikao kijacho na msubiri.

Kiambatisho cha tatu ni mchoro wa muundo wa chuo. Msomaji wa nje huutazama kwa sekunde chache akitafuta jambo moja: kitengo cha ubora kinaripoti kwa nani? Kikiripoti kwa Makamu Mkuu moja kwa moja, sawa. Kikiwa chini ya Naibu anayesimamia taaluma, kinawapima walio chini ya bosi wake; inakubalika ila itaulizwa. Kikiwa chini ya mkuu wa kitivo kimoja, msipeleke mchoro huo, rekebisheni muundo kwanza.

Cha nne ndicho kizito: ushahidi kwamba mmeshafanya tathmini binafsi, yaani chuo kujipima chenyewe, angalau ya programu moja mpaka mwisho. Nasema mpaka mwisho kwa makusudi. Kitabu cha mwongozo cha IUCEA cha 2010, chenye juzuu nne, kimetenga juzuu ya kwanza kwa kazi hiyo, na kama hamna nakala kitafuteni kabla ya kitu kingine chochote. Utaratibu wake kwa ufupi ni huu. Undeni timu ya watu watatu hadi watano wa programu husika, mmoja wao akiwa mwanafunzi, na mwenyekiti asiwe mkuu wa idara. Wagawane vipengele: matokeo ya kujifunza yanayotarajiwa, mtaala, ufundishaji, upimaji, walimu, msaada kwa wanafunzi, vifaa, maoni ya wadau, wahitimu. Kila kipengele kinapewa alama kuanzia 1 hadi 7, ambapo 4 ni kutosheleza kigezo. Kila alama inabebwa na ushahidi unaoweza kushikwa mkononi.

Kosa la kwanza ni alama za 6 kila mahali. Mkaguzi mzoefu akiona hivyo anaacha kusoma alama na anaenda moja kwa moja kwenye maktaba na maabara. Ripoti yenye alama tatu za 3 zilizoelezwa vizuri, pamoja na mpango wa kuzirekebisha, inaaminika kuliko ripoti isiyo na doa. Kosa la pili ni ripoti iliyoandikwa na mratibu peke yake, wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Inajulikana kwa haraka: lugha ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, idara zote zina matatizo yaleyale, na mwalimu akiulizwa kuhusu programu yake anashangaa. Hesabuni miezi sita kwa programu moja, na ripoti isizidi kurasa arobaini bila viambatisho.

Kosa la tatu ni takwimu za tathmini ya wanafunzi zisizo na idadi ya waliojibu. Tuseme somo lina wanafunzi 320 na dodoso limejazwa na 96. Hiyo ni asilimia 30, na lazima iandikwe pembeni ya wastani. Wastani wa 4.2 uliotokana na watu 96 kati ya 320 una maana tofauti na wastani huohuo kutoka kwa 280. Wengi wanalijaza dodoso siku mwalimu anapowasimamia darasani, wengine hawalijazi kamwe. Mkaguzi anataka kuona kwamba mnajua hilo na mnafanya nini. Msifiche asilimia ndogo. Andikeni ilikuwa ngapi, mlibadilisha nini, muhula uliofuata ilikuwa ngapi.

Na mwisho wa tathmini ni mpango wa maboresho wenye safu nne: tatizo, hatua, mhusika kwa cheo, tarehe. Ongezeni safu ya tano ya gharama kama bursa, msimamizi wa fedha za chuo, atakubali kuijaza. Mpango usio na gharama hubaki kwenye kabati. Kinachowashawishi watu wa nje kuliko kitu kingine chochote ni ushahidi kwamba hatua mbili tatu zimeshatekelezwa: mtaala uliobadilishwa na muhtasari wa Seneti ulioupitisha, stakabadhi ya darubini zilizonunuliwa, ratiba mpya ya maabara. Ripoti za watahini wa nje ziambatane na majibu ya idara. Ripoti ya mtahini ikikaa kwenye faili bila jibu, mmekusanya karatasi tu.

Vingine ni vyepesi: mpango kazi wa mwaka wa kitengo, kasma yake ya bajeti, orodha ya watumishi na mafunzo waliyopata, na ukurasa wa tovuti ya chuo unaoeleza kazi ya kitengo. Ukurasa huo angalieni viungo vyake vinafunguka. Wa Barcelona hatapanda ndege kuja Mwanza kukagua ombi la mwanachama mshiriki. Atafungua tovuti, na kiungo cha sera kikimpeleka kwenye ukurasa mtupu, hapo ndipo atakapowapimia.

Idhini, ada na benki

Ndani ya chuo, njia ya kawaida ni dokezo la kitengo kwenda kwa Makamu Mkuu, menejimenti, kamati ya Seneti inayohusika, kisha Baraza ikiwa malipo yanajirudia kila mwaka. Kutoka dokezo hadi fomu iliyosainiwa, hesabuni miezi minne hadi sita. Kwa hiyo agizo la "kabla mwaka wa fedha haujaisha" linategemea tuko mwezi gani. Kama mwaka wenu unaisha 30 Juni na sasa ni Machi, wekeni lengo la kupeleka ombi kabla ya Juni na ada iingie kwenye bajeti inayoanza 1 Julai. Ulizeni pia kabla ya kulipa kama ada inahesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Ikiwa ndivyo, kulipa Novemba ni kununua miezi miwili kwa bei ya kumi na miwili, na sekretarieti nyingi zikiombwa hukubali uanachama uanze Januari.

Msilipe kabla ya kukubaliwa. Utaratibu wa heshima ni ombi, uamuzi, ankara, malipo, kwa mpangilio huo. Anayetaka hela kwanza ndipo afikirie ombi lenu, mchunguzeni.

Malipo ya nje yana mitego miwili. Wa kwanza ni gharama za benki. Uhamisho wa kimataifa mara nyingi hupita kwenye benki ya kati, nayo hukata chake njiani. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya nani anabeba gharama: mtumaji, mpokeaji, au kugawana. Chagueni mtumaji abebe zote. Mkichagua kugawana, ada itafika pungufu, mfumo wao utaonyesha deni dogo, na uanachama hautafunguka mpaka deni hilo lilipwe, kwa uhamisho mwingine ambao gharama yake itazidi deni lenyewe. Andikeni namba ya ankara kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Malipo kutoka chuo kisichojulikana Mwanza, bila namba, yanaweza kukaa wiki kadhaa bila mwenyewe.

Wa pili ni kodi ya zuio. Malipo ya huduma kwa asiye mkazi hukatwa asilimia 15, na bursa mwangalifu atauliza kama ada ya uanachama ni malipo ya huduma. Mpeni muda alijibu hilo kwa maandishi, ikibidi baada ya kuuliza Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ankara haijaiva. Ikiamuliwa kodi inahusika, chuo kibebe kodi hiyo juu ya ada. Mkiikata ndani ya ankara, upande wa pili wataona mmelipa asilimia 85.

Wanaojifanya mtandao

Mkianza kutafuta habari hizi mtandaoni, baada ya wiki mbili kasha lenu la barua pepe litajaa. Kuna makampuni yanayouza "ithibati" kwa vyuo, na majina yao yametengenezwa yafanane na ya mitandao halali: dunia, baraza, ubora, kimataifa, kwa mpangilio mbalimbali. Dalili ni chache na hazibadiliki. Wanaahidi cheti ndani ya wiki chache. Hawahitaji ripoti ya tathmini binafsi wala ziara. Bei inategemea idadi ya programu na kuna punguzo mkilipa mwezi huu. Orodha ya waliowapa ithibati haina chuo hata kimoja mnachokijua. Anwani yao ni sanduku la posta au ghorofa ya ofisi za kukodi. Kuna njia rahisi ya kuhakiki: waandikieni TCU barua mkiuliza kama chombo hicho kinatambuliwa. Mfanye hivyo kabla Makamu Mkuu hajapokea ngao kwenye hoteli fulani nje ya nchi, kwa sababu baada ya picha kupigwa ni vigumu kurudi nyuma.

Linganisheni na namna mitandao ya kweli inavyojiwekea masharti. Mamlaka inayotaka kuwa mwanachama wa ENQA, chama cha Ulaya, hupitia ukaguzi wa nje dhidi ya viwango vya Ulaya, na hurudia kila miaka mitano. INQAAHE inatenganisha mambo mawili: mamlaka inaweza kuwa mwanachama bila kupimwa dhidi ya viwango vyake, na ikitaka kutambuliwa kuwa inavitimiza, inaomba ukaguzi wa hiari. Ukilielewa hilo utaona kwa nini hata kwa mamlaka yenyewe uanachama si muhuri wa ubora, seuze kwa chuo.

Dokezo la kumpelekea Makamu Mkuu

Lisizidi kurasa mbili. Aya ya kwanza iseme chuo kinastahili kundi gani na kwa nini, ili asije akashangazwa na neno "mshiriki" kwenye cheti. Ya pili ipendekeze TUQAF na EAQAN mwaka huu, na INQAAHE mwaka wa fedha ujao, au yote kwa pamoja akisisitiza, pamoja na gharama za kila moja: ada ya mwaka, benki, kodi, na safari ya mtu mmoja kwenda mkutano mmoja. Safari ndiyo mara nyingi inayosahaulika, na bila kuhudhuria mnabaki na jarida la barua pepe tu. Ya tatu iorodheshe viambatisho vilivyo tayari na visivyo tayari, kwa ukweli. Ya nne iwe maneno halisi yatakayotumika kwenye prospektasi na tovuti, kwa mfano: "Chuo ni mwanachama mshiriki wa INQAAHE. Chuo kina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania." Sentensi mbili tofauti, na idara ya uhusiano isiziunganishe.

Mwishoni aombwe kuamua mambo mawili ya kiutawala. Kwanza, ada iwe na kasma yake ndani ya bajeti ya kitengo, isitegemee fungu la safari za ofisi yake, kwa sababu fungu hilo huisha kufikia Aprili na uanachama usiolipiwa hufa kimyakimya. Mwaka unaofuata mtaombwa malimbikizo. Pili, mawasiliano yote na mitandao yapitie anwani ya barua pepe ya kitengo inayofunguliwa na ninyi wawili. Mratibu akihamia chuo kingine akiwa ameondoka na nywila ya anwani yake binafsi, ankara zitaendelea kwenda kwake na hakuna atakayejua mpaka jina la chuo litakapotoweka kwenye orodha.